Nani Kachanga Karata?

Hupiti wiki ukisoma kurasa za siasa bila kukutana na mtu "aliyezichanga vizuri karata zake". Mgombea kazichanga, mwenyekiti kazichanga, hata kocha aliyeponea chupuchupu kufukuzwa naye kazichanga. Tunasema hivyo kwa kusifu, lakini ebu tusimame hapo kidogo. Kuchanga karata, pale mezani, ni kuzivuruga mpaka asiwepo hata mmoja, mchangaji akiwemo, anayejua ipi iko wapi. Mchangaji mzuri ni yule ambaye mkono wake haumpendelei mtu. Sisi tumeugeuza msemo: aliyechanga vizuri ni yule ambaye turufu zimemwangukia yeye. Nadhani lugha hapa imesema kitu ambacho wacheza kamari wengi wanakiamini hata wasipokitamka, kwamba anayeshika pakiti hakosi maslahi yake.

Shaka hiyo imesafiri na karata zenyewe. Neno karata ni Kireno, na kopa, uru, shupaza na pau ni Kireno pia, mabaki ya watu walioishikilia Mombasa mpaka Ngome ya Yesu ilipowaponyoka mwaka 1698. Na popote karata zilipofika, dawa ya shaka ilikuwa moja: macho. Anayechanga achange mbele ya watu, mwingine akate, na zamu ya kugawa izunguke. Dawa yenyewe haikuwa kamili, maana mikono mingine ni myepesi kuliko macho. Aliyewahi kupita stendi kubwa ya mabasi akakuta duara la watu wanacheza karata tatu anaijua habari hiyo, na pengine nauli yake inaijua zaidi. Lakini angalau ulikuwa na mahali pa kutazama.

Tarehe 1 Januari 1998 mikono ikaondoka mezani. Siku hiyo Planet Poker ilianza kugawa karata kwa pesa halisi kupitia intaneti, ya kwanza kufanya hivyo. Watu wasioonana, kila mmoja kwao, walikaa kwenye meza ambayo haipo, wakagawiwa karata na mgawaji ambaye hayupo.

Nieleze mchezo kwa ufupi kwa asiyeujua, kwa sababu yote yanayofuata yanategemea jambo moja ndani yake. Katika poka inayochezwa zaidi siku hizi kila mchezaji anapewa karata mbili zilizofunikwa. Kisha katikati ya meza zinafunuliwa karata tano za wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu moja. Kati ya kila hatua watu wanaweka dau, wanapandisha, au wanatupa karata zao na kujitoa. Anayebaki mwishoni na mkusanyiko bora anachukua fungu lote. Ila pia ukiwafanya wenzako wote wajitoe, fungu ni lako hata kama umeshika takataka. Ndiyo maana nusu ya mchezo ni kupiga mkwara. Utamu wote wa poka, na hela yote ya poka, imo katika kutozijua zile karata mbili za mwenzako. Mtu akizijua zako, huyo hachezi na wewe tena. Anakuvuna.

Sasa, ni nani anayechanga? Kompyuta. Na kompyuta ni chombo cha ajabu kukipa kazi hiyo, kwa sababu kimetengenezwa kisifanye chochote kwa nasibu. Ukiipa hesabu ileile mara elfu itakupa jibu lilelile mara elfu. Ikikupa jibu tofauti unaipeleka kwa fundi. Wataalamu walilijua hili mapema. John von Neumann, mmoja wa mababa wa kompyuta, alitania katika makala ya mwaka 1951 kwamba anayetaka kuzalisha namba za nasibu kwa njia za hesabu anaishi katika dhambi. Dhambi hiyo yeye mwenyewe aliitenda, na akatueleza namna ya kuitenda. Wengine walikwepa: mwaka 1955 shirika la utafiti la RAND, Marekani, lilichapisha kitabu cha tarakimu milioni moja zilizotokana na mtambo wa umeme uliofanya kazi kama gurudumu la kamari. Kitabu kizima tarakimu tupu, hakina mhusika wala tukio, na bado kina kisa nyuma yake: walipozipima tarakimu zile waligundua mtambo ulikuwa na upendeleo kidogo, ikabidi wazichanganye tena. Hata mtambo uliojengwa kwa ajili ya nasibu uliegemea upande.

Njia ya kawaida ya kompyuta ni kuanza na namba moja, wanaiita mbegu, kisha kuikoroga kwa hesabu mpaka itoke mfululizo wa namba unaoonekana hauna mpango. Unaoonekana tu. Aliye na mbegu na kanuni ana mfululizo wote, kuanzia karata ya kwanza mpaka ya mwisho.

Hapo ndipo vijana wa kampuni ya Reliable Software Technologies, ya Virginia, walipoingia mwaka 1999. Programu iliyotumika Planet Poker ilitengenezwa na kampuni iitwayo ASF Software. Hao jamaa wa ASF, ili kuwatoa wateja wasiwasi, walifanya jambo la kiungwana: waliweka hadharani kanuni yao ya kuchanga karata, mstari kwa mstari, kila mtu aisome. Vijana wa Virginia wakaisoma.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo la kuchekesha. Programu ilitakiwa kuchagua nafasi yoyote kati ya 1 na 52, lakini jinsi ilivyoandikwa ilichagua kati ya 1 na 51. Nafasi ya 52 haikuchaguliwa kamwe. Kosa la namna hii kila mwanaprogramu amekutana nalo.

La pili linahitaji uvumilivu kidogo. Programu ilipitia karata moja moja, na kila moja ikaibadilisha nafasi na nyingine yoyote katika pakiti nzima. Inasikika kama haki tupu. Jaribu na karata tatu tu, ree, mbili na tatu. Kila hatua ina chaguo tatu, hatua ni tatu, jumla njia 27. Lakini karata tatu zinaweza kupangika kwa namna 6 tu, na 27 haigawanyiki kwa 6. Kwa hiyo mipangilio mitatu itatokea mara 5 katika 27, na mingine mitatu mara 4. Hakuna aliyekusudia kudanganya, na bado mipangilio mingine imependelewa. Njia sahihi ilishajulikana tangu Fisher na Yates walipoieleza mwaka 1938, enzi za penseli: karata ikishapangiwa nafasi yake iache, chagua kati ya zilizobaki tu. Tatu mara mbili mara moja, sita kamili.

Kosa la tatu ndilo lililokuwa msumari. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi kiasi kwamba namba yake ina tarakimu 68. Kiswahili hakina jina la namba hiyo, na wanaodai lugha yao inalo wanajifurahisha tu. Lakini mbegu ya programu ile ilikuwa ya biti 32, maana yake kulikuwa na mbegu zisizozidi bilioni 4 na kidogo. Basi katika bahari yote ile ya mipangilio, mashine ingeweza kutoa bilioni 4 tu, tone moja. Na haikuishia hapo, kwa sababu mbegu ilichukuliwa kwenye saa ya kompyuta: idadi ya milisekunde tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000. Ukiweza kukadiria saa ya seva, na vijana wale waliweza, zinabaki kama 200,000 hivi. Kompyuta ya mwaka 1999 ilizipitia hizo papo hapo, mchezo ukiendelea.

Kwa hiyo walikaa mezani, wakapokea karata zao mbili, wakasubiri zile tatu za katikati zifunuliwe. Karata tano. Programu yao ikatafuta kati ya mipangilio laki mbili ule mmoja unaolingana na hizo tano, ikauonyesha: huyu kashika hivi, yule kashika vile, na karata mbili zinazofuata ni hizi. Hawakukaa nayo kimya wakavuna. Waliandika makala wakaeleza kila kitu. Hiyo ndiyo sababu tunaijua habari hii. Na hapa nina neno moja kuhusu ASF: walichekwa sana, lakini wangeficha kanuni yao, tundu lingebaki palepale, na wa kwanza kuliona pengine asingekuwa mtu wa kuandika makala.

Baada ya hapo kampuni kubwa zilijirekebisha, tena kwa kishindo. PokerStars ilieleza kuwa kila mchango wa karata unatumia biti 249 za nasibu, zaidi ya biti 226 zinazohitajika ili kila mpangilio uwezekane, na kwamba zinatoka sehemu mbili: mienendo ya watumiaji, kama vile wanavyosogeza mausi, na kelele za joto ndani ya vifaa vya umeme, mtetemo ambao hata mtengenezaji hawezi kuutabiri. Kuchanga karata kulikuwa tatizo la kihandisi, na wahandisi walilitatua.

Walilitatua kuliko mikono ilivyowahi kulitatua, na hili wanaotamani meza ya zamani hawapendi kulisikia. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis (huyu wa pili aliacha nyumbani kijana mdogo akafuatana na mwanamazingaombwe, kabla ya kuwa profesa) walionyesha kuwa pakiti inahitaji kuchangwa kama mara saba, kwa ule mtindo wa kugawa nusu mbili na kuzichopeka, ndipo ivurugike ipasavyo. Nani amewahi kuchanga mara saba? Wengi wetu tunachanga mara mbili tatu na mwenzetu anaanza kulalamika tumechelewesha. Wachezaji wa bridge walipoanza kugawiwa karata na kompyuta walilalamika kwamba mashine inatoa migawo ya ajabu, rangi moja imejazana kwa mtu mmoja. Mashine ilikuwa sawa. Wao ndio walikuwa wamezoea, miaka na miaka, karata ambazo hazikuchangwa vya kutosha.

Malalamiko hayohayo yaliihamia poka ya intaneti na hayajatoka mpaka leo. Hoja huwa moja: nilikuwa na ree mbili, mwenzangu wafalme wawili, na karata ya mwisho ikamletea mfalme wa tatu, kwa hiyo mashine imepangwa. Haya, tuhesabu. Ree mbili utapewa mara moja katika kila raundi 221, kwa wastani. Zikikutana na wafalme wawili zinashinda kama mara nne katika tano. Maana yake zinapoteza kama mara moja katika tano, na siyo kwa hila. Mezani kwa mikono unacheza raundi thelathini hivi kwa saa. Kwenye kompyuta, ukifungua meza kadhaa kwa pamoja, unacheza mamia. Msiba ambao mchezaji wa kale aliuona mara chache kwa mwaka, huyu wa sasa anauona kabla ya chai ya saa kumi. Na zile mara nne alizoshinda hazikumbuki, kwa sababu kushinda ukiwa na ree mbili unaona ni haki yako ya kuzaliwa.

Kuna hoja nyingine ya kawaida kabisa, ya kibiashara. Katika poka kampuni haichezi. Inakata asilimia ndogo kwenye kila fungu, ashinde Asha au ashinde Juma. Kuharibu mchango wa karata ili Juma ashinde ni kuhatarisha ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha maziwa ambacho wala hutakinywa wewe.

Kampuni, basi, haina sababu ya kuiba. Lakini kampuni ni watu, na watu wana akaunti.

Septemba 2007 kulikuwa na shindano kwenye Absolute Poker, kiingilio dola 1,000. Mshindi alijiita POTRIPPER. Mchezo wake ulikuwa wa kushangaza: wenzake wakiwa na karata nzuri alijitoa, wakiwa na mbovu aliwapandia. Katika raundi ya mwisho mpinzani aliweka kila alichokuwa nacho kwa mkwara mtupu, hana kitu. POTRIPPER akafuata dau, karata yake kubwa ikiwa kumi. Mtu mwenye kumi hafuati dau la namna hiyo. Unafuata ukiwa mlevi, au ukiwa unajua mwenzako ana tisa. Mwenzake alikuwa na tisa.

Aliyeshindwa aliomba kampuni rekodi ya shindano. Hilo ni ombi la kawaida, na kwa kawaida unatumiwa karata zako tu. Safari hii mtu fulani ofisini, kwa kupitiwa au kwa kusudi, alituma faili lenye kila kitu: karata za wote, raundi zote, na orodha ya akaunti zilizokuwa zikitazama ile meza bila kucheza. Wachezaji wakakaa na faili lile usiku na mchana. Wakaona kwamba akaunti ya mtazamaji mmoja, yenye namba 363, ilifika mezani mapema, na kuanzia hapo POTRIPPER akawa kama mtu aliyevaa miwani. Namba ndogo kama 363 haiwi ya mteja aliyejiunga jana. Kampuni ilikana kwanza, kisha mwezi uliofuata ikakubali kwamba mtu wake wa ndani alipata njia ya kuona karata za watu.

Miezi michache baadaye kampuni dada, UltimateBet, ikafumuka kwa namna hiyohiyo, ila kwa ukubwa mwingine. Huko wizi ulikuwa umedumu miaka kadhaa. Tume ya michezo ya kubahatisha ya Kahnawake, eneo la Wamohawk jirani na Montreal, Kanada, ndiyo iliyozipa leseni kampuni zote mbili. Mwaka 2008 tume hiyo ilisema kwamba mhusika mkuu alikuwa Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 1994, na ikaamuru wachezaji warudishiwe fedha. Jumla ilifika kama dola milioni 22. Chombo kilichotumika kilikuwa ndani ya programu yenyewe, njia ya kuona karata za wote kwa wakati mmoja.

Katika kashfa zote mbili, karata zilichangwa kwa haki. Hakuna aliyegusa mbegu wala kanuni. Wakati maelfu ya watu wanabishana kama mashine inapendelea wafalme, wezi walikuwa wamekaa kimya upande wa pili wa kioo, wanasoma.

Na kilichowafichua ni hiyo nasibu yenyewe. Katika pakiti iliyochangwa kwa haki bahati ina umbo. Unaweza kushinda leo, kesho na keshokutwa, lakini ukicheza maelfu ya raundi bahati yako inaanza kufanana na ya wenzako, na kinachobaki ni tofauti ndogo ya ustadi. Wachezaji walichora mchoro: huku mtu anavyoingiza pesa mara nyingi, kule kasi yake ya kushinda. Watu wote wakajikusanya katika wingu moja. Nukta moja ikakaa peke yake juu kabisa, mahali ambapo hata bingwa wa mabingwa hafiki. Mwizi angekubali kupoteza mara kwa mara, angejificha ndani ya lile wingu miaka mingi. Naona hapa tamaa ilifanya kazi ambayo mkaguzi alishindwa. Tume ilikuwa na leseni, mihuri na kanuni. Waliokamata ni wateja wenye majedwali.

Ya mwaka 2011 nitayapita haraka kwa sababu hayahusu karata kabisa. Tarehe 15 Aprili serikali ya Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya waendeshaji wa kampuni kubwa za poka ya intaneti. Baadaye ikabainika kuwa Full Tilt Poker, hadi mwisho wa Machi mwaka huo, ilidaiwa na wachezaji kama dola milioni 390 huku benki ikiwa na kama milioni 60. Fedha ambazo wachezaji waliziona kwenye skrini, kila mmoja kwenye akaunti yake, nyingi hazikuwepo. Zilishagawanywa kwa wakubwa. Mtu alikuwa akipoteza usingizi kwa ajili ya karata ya tano, na dau lenyewe lilikuwa picha.

Kitu kinachonivutia kuliko vyote katika historia hii ni kwamba jibu lilitangulia swali kwa miaka karibu ishirini. Mwaka 1979 Adi Shamir, Ronald Rivest na Leonard Adleman wa chuo cha MIT, walewale ambao herufi za majina yao ni RSA, usimbaji uliokuja kulinda siri nyingi za intaneti, waliandika makala fupi kuhusu poka ya akilini. Waliuliza kama watu wawili wasioaminiana wanaweza kucheza poka ya haki kwa simu, bila karata na bila mgawaji. Wakajibu mara mbili, na nadhani walicheka walipokuwa wanaandika: kwanza wakathibitisha kihisabati kuwa haiwezekani, kisha wakaonyesha jinsi ya kuifanya.

Njia yao ukiivua hesabu inabaki na visanduku na kufuli. Asha anaweka kila karata katika kisanduku, anafunga vyote 52 kwa kufuli zake, anavichanganya, anamtumia Juma. Juma haoni ndani. Anachagua viwili, anamrudishia Asha: hizi ni zako, fungua. Anachagua vingine viwili kwa ajili yake, anaongeza kufuli zake juu ya zile za Asha, anavituma. Asha anaondoa kufuli zake tu, anavirudisha. Vimebaki na kufuli za Juma, Juma anafungua. Kila mmoja ana karata mbili, hakuna aliyeona za mwenzake, na hakuna mtu wa tatu aliyeshika pakiti. Hakuna ofisi, hakuna akaunti namba 363.

Haikuwa kamili. Ilionekana kwamba kufuli zile za kihisabati ziliacha dalili nje ya kisanduku, sawa na karata zenye alama mgongoni, na mwaka 1982 Shafi Goldwasser na Silvio Micali walitoa aina mpya ya usimbaji isiyovujisha hata dalili hiyo. Kwa karatasi, basi, tatizo la mgawaji lilimalizika kabla intaneti haijafika majumbani. Kwa nini halikumalizika mezani? Njia hiyo ni nzito, kila kisanduku kisafiri huku na huku, na mmoja akikatikiwa umeme akiwa na funguo mchezo mzima unakwama. Wala haizuii wawili kati ya watu sita kupigiana simu na kuambiana walichoshika. Nami naongeza sababu ambayo haimo kwenye makala za kisayansi: hakuna kampuni inayopenda kujenga meza isiyoihitaji.

Kwa hiyo pakiti ikabaki kwa mwenye seva, na hadithi ikaendelea kujirudia. Desemba 2023 kampuni ya GGPoker ilifunga akaunti moja iliyokuwa ikishinda kwa kasi ile isiyo ya kibinadamu. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba mchezaji aliichezea programu iliyoko kwenye kompyuta yake mwenyewe, akapata dokezo la uwezekano wake wa kushinda. Mchango wa karata ulikuwa mzima. Na wa kwanza kushtuka, tena, ni wachezaji waliotazama takwimu.

Kwetu poka ya intaneti ni ya wachache. Kinachochezwa vijiweni, kwenye bodaboda zinazosubiri abiria, ni kindege: Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe, ndege inapanda na dau lako linapanda nayo mpaka inapotoweka ghafla. Swali ni lilelile la mwaka 1998, wanapanga au hawapangi, na jibu lake ni mjukuu wa yale mawazo ya kufuli. Kabla ya raundi mtambo unatoa muhuri wa namba yake ya siri; namba ikibadilishwa muhuri haulingani. Namba hiyo inaunganishwa na namba kutoka kwenye simu za watu watatu wa kwanza kuweka dau, na matokeo yanatoka humo. Raundi ikiisha siri inafunuliwa, na mwenye kutaka anahakiki. Ndiyo maana wanaouza kwenye mitandao programu za "kutabiri kindege" ni matapeli tu. Wa Virginia walikuwa na tundu la kweli, hawa wana picha ya tundu.

Hapa, tofauti na poka, unacheza dhidi ya mwenye mchezo, naye hafichi bei yake: mchezo unarudisha asilimia 97, kwa wastani. Aliyeweka shilingi 100 mara 100 ameweka 10,000, na 300 kati ya hizo, kwa wastani, zimebaki huko. Akirudia kesho ni 300 nyingine, na kila raundi kati ya zile mia anaweza kuihakiki, muhuri kwa muhuri, akute ilikuwa ya haki.